Picha Nne za Chiriku

Hospitali, nje ya wodi ya watoto
Jumanne, saa nane mchana

Dada yangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute mzima, kifua kimekuachia, na wale watoto wako wa chekechea hawajakumaliza sauti. Hapa mtu huandika kwamba sisi sote hatujambo, hofu ni kwenu tu mlio mbali. Leo siwezi kuandika hivyo. Leo hofu yote iko huku kwangu, dada, imenikalia kifuani kama mgeni asiyejua kuaga.

Najua mwandiko wangu juu ya bahasha umekushtua. Miezi minane sijakuandikia wala sijapokea simu yako, na ulipiga mara tatu, nilizihesabu. Sitajifanya nimesahau kwa nini. Ninachokuomba ni kimoja tu, usiichane. Isome mpaka chini, halafu ukitaka kuichana, chana, haki unayo. Ningekupigia simu, lakini nikisikia tu haloo yako nitalia na maneno yatapotea. Dereva wa gari la dawa la hospitali anapita kwenu kesho asubuhi, amekubali kuibeba. Nimekaa kwenye benchi, daftari liko juu ya goti, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka.

Kwanza nikupe habari za mwanao, maana najua ndizo unazozitafuta. Chiriku ametimiza miaka miwili na miezi kumi. Lile jina la utani ulilompa limemkaa barabara, tangu aamke mpaka usingizi umwangushe mdomo haupumziki. Anahesabu mpaka ishirini, ila kumi na tatu anairuka, na ukimuuliza anasema haipendi. Jana daktari alipomgusa shavu, mtoto alimwambia mikono yake ni ya baridi, akaioteshe jua kwanza ndiyo arudi. Na daktari akatoka kweli! Wodi nzima ilicheka. Mama mmoja wa kitanda cha jirani akaniuliza huyu mtoto nimemlisha nini. Nikamjibu sijamlisha kitu, hiyo ni damu ya kwetu. Sijisifu, dada, lakini wewe mwenyewe unajua watoto wa namna hii hawazaliwi kila mtaa.

Ndiyo, tuko hospitali, na leo ni siku ya nane. Mtoto anacheka, anakula, hana homa, ukimwona utasema tumemleta kutembea. Ugonjwa uko ndani ya jicho lake la kushoto. Nitakueleza ulivyojulikana, polepole, maana nikianza kurukaruka sitafika.

Studio unaijua. Chumba kimoja cha mbele, stuli ya kuzunguka, taa mbili zenye miavuli, kitambaa cheupe kwa picha za vitambulisho na cheusi kwa wanaotaka kuonekana wakubwa. Shemeji yako anapiga, mimi nasafisha. Akimaliza kupiga ananipa kadi ya kamera na kuanzia hapo yeye hana habari tena. Kompyuta ni yangu, hata kuiwasha hajui vizuri. Kusafisha maana yake ni kuondoa chunusi, makovu, jasho la puani, na yale macho mekundu ambayo flashi humpa karibu kila mtu. Mimi huyu wa darasa la saba, dada, watu wenye diploma zao wanatoka mtaa wa pili kuja kuniuliza nafanyaje. Kuna bibi harusi alivunjika jino wiki ya harusi. Nilimpa jino jipya kwenye picha, zuri mpaka leo mumewe analiulizia limekwenda wapi.

Sasa, baada ya wewe kuondoka kwetu, jicho la kushoto la mtoto likaanza kwenda zake. Unamwita, la kulia linakuja, la kushoto linabaki linatazama pua. Mama mkwe akasema hicho ni kengeza cha urembo, hata yeye alikuwa nacho utotoni, kikichoka kitajinyoosha chenyewe. Nikimtazama yeye naona chake bado hakijachoka, lakini hilo nililimeza. Msusi wa mlango wa pili akasema dawa ni maziwa ya mama. Nikamwambia wangu nimeshamwachisha. Akasema hilo nalo ni tatizo, lakini yeye si ana kichanga mgongoni? Akanikamulia ya kwake kwenye kifuniko cha chupa. Nikayatia, dada, matone matatu asubuhi na matatu jioni, na siku ya nne mtoto akaamka jicho limegandana kwa tongotongo. Fundi viatu wa mkabala naye akasema karoti, kwamba yeye tangu utotoni anakula karoti, huku amekishika kiatu cha mtu puani kabisa ndipo alione tundu la sindano. Nikamlisha mtoto karoti mbichi, karoti za kuchemsha, juisi ya karoti, mpaka viganja vyake vikaanza kuwa vya manjano. Hakuna hata mmoja aliyeniambia mpeleke kwa daktari wa macho. Na mimi sikujiambia.

Siku nane zilizopita akaja mteja, mwanamke mrefu, anataka picha ya kitambulisho cha kazi. Akasimama barazani mbele ya kabati letu la kioo, akaitazama ile picha kubwa ya Chiriku, ya gauni la njano, ambayo kila apitaye lazima apunguze mwendo. Nikatoka kupokea sifa zangu. Akasema kweli mtoto ni mzuri. Halafu akageuka, akamwona Chiriku mwenyewe juu ya stuli, anajizungusha na kuimba. Akamtazama yeye, akaitazama picha, akamtazama yeye tena. Akaniuliza kama tuna mapacha. Nikacheka, nikamwambia huyu mmoja anatutosha, wangekuwa wawili tungehama sisi. Hakucheka. Akasema yeye ni muuguzi wa macho, naomba nimruhusu amwone mtoto kidogo.

Akapiga magoti pale sakafuni. Akamziba jicho la kulia kwa kiganja, na Chiriku aliyekuwa anaimba akanyamaza, akausukuma ule mkono, akaanza kulia. Akamziba la kushoto. Mtoto akaendelea na wimbo wake kama hakuna kilichotokea.

Nilikuona wewe pale sakafuni, dada. Nilikuona na ule mchezo wako wa kujificha, siku ile ulipokuja kututembelea. Ulimziba hivyohivyo, ukarudia mara tatu, mara nne, ukaacha kucheka. Ukanifuata jikoni ukaniambia kwa upole kwamba ukimziba la kulia mtoto anachachamaa, ukimziba la kushoto hajali, na kwamba watoto arobaini hupita mikononi mwako kila mwaka na jambo hilo hujaliona kwa yeyote. Nami nikakujibu, mama mkwe akisikia, kwamba watoto arobaini wa watu hawamfanyi mtu kuwa mama, na mtu ambaye hajazaa asinifundishe jicho la mwanangu. Ulimaliza kuosha kikombe ulichokuwa umekishika, ukakifunika, na asubuhi ukaondoka.

Yule muuguzi akauliza kama tumewahi kuona weupe ndani ya mboni, hasa kwenye picha za flashi, jicho moja limetoka jekundu kama kawaida na jingine limetoka jeupe, linang'aa. Shemeji yako akasema hapana, na alisema kweli. Mimi nikatikisa kichwa. Muuguzi akamulika jicho kwa tochi ndogo kama kalamu, akaizima upesi, akasema tumlete hospitali kesho asubuhi. Shemeji yako akauliza kama wiki ijayo haifai, maana tuna harusi mbili za kupiga. Akasema kesho, baba, harusi watapiga wengine.

Hapa wakamtia matone ya kupanua mboni, wakamlaza usingizi wa dawa, wakamchungulia ndani ya jicho, wakampiga picha za kichwa kwenye ile mashine kubwa. Daktari ni mwanamke, kwa umri nadhani angeweza kuwa mdogo wetu. Hakusimama juu yetu kutuhutubia, alikaa nasi kwenye benchi hilihili. Akasema ndani ya jicho kuna uvimbe, na uvimbe huo ni saratani. Nilidhani hajui anachosema, maana saratani mimi naijua kuwa ni ya wazee. Akasema ipo inayowapata watoto wadogo tu, huanzia humo ndani ya jicho, haiumi mwanzoni, na ndiyo maana mtoto anaimba. Akasema jicho lile halioni tena. Mashine inaonyesha ugonjwa bado umo ndani ya jicho haujatoka, lakini nyuma ya jicho kuna mshipa unaokwenda ubongoni, na ukishaupita huo hatutakuwa tunazungumzia jicho tena, tutakuwa tunamzungumzia mtoto. Kwa hiyo jicho litolewe, lote, wiki hii. Watoto wanaowahiwa ugonjwa ukiwa bado umo ndani, wengi hupona, wanakua, wanakwenda shule. Hilo neno wengi nililing'ang'ania kwa mikono miwili. Nikamuuliza mbona hasemi wote. Akaniambia hana desturi ya kuwadanganya mama wa watoto.

Unanijua sina haya ya kuuliza. Nikamwuliza yote niliyowahi kuyasikia mtaani, moja baada ya jingine. Kwamba jicho moja likitolewa na la pili hufuata. Akasema hapana, la pili halivutwi na la kwanza, ila watalichunguza kila baada ya wiki chache, maana ugonjwa huu kwa watoto wengine hutokea pande zote mbili. Nikamwuliza je, ni kitu nilichokula nikiwa na mimba, ama mtu aliyemtazama mtoto kwa jicho baya. Akasema hakuna nilichokula na hakuna aliyemtazama, na kwamba baadhi ya familia hubeba ugonjwa huu katika damu, ndiyo sababu wametupima macho sisi wazazi pia. Nilipomtajia maziwa ya msusi alifumba macho kidogo. Akasema maziwa ni ya tumboni, jichoni huingiza vijidudu tu, na kilichoko nyuma ya mboni hayakigusi. Karoti akasema ni chakula kizuri na niendelee nacho kwa kiasi, kinawafaa watoto waliopungukiwa lishe ya macho, lakini uvimbe hauyeyushwi na chakula chochote. Na kengeza cha mtoto hakisubiriwi kichoke. Huenda kisiwe na maana kubwa, na huenda kikawa ndiyo alama pekee utakayopewa, na mzazi hawezi kujua kwa kutazama ni ipi kati ya hizo mbili.

Aliponipa fomu nisome, akaniona nimeinyoosha mbali kama mtu anayeanika nguo. Akaniuliza miwani yangu iko wapi. Nikamwambia sivai, miwani huyafanya macho yawe mavivu, ukishaizoea umekwisha. Akasema miwani ni kama stuli kwa mtu mfupi, hakuna aliyewahi kuipanda akashuka akiwa mfupi zaidi. Nikacheka, dada. Katikati ya yote yale nikacheka, na kicheko kikageuka kilio palepale. Nikamwambia basi achukue langu. La kushoto, la kulia, alichague analolitaka, amtie mwanangu, mimi nimeshaona vya kutosha. Akanishika mkono. Akasema jicho limefungwa kwenye ubongo kwa nyuzi zaidi ya milioni moja, nyembamba kuliko za buibui, na zikikatwa hakuna fundi aliyepata kuziunga. Kinachoweza kuhamishwa ni kile kioo cha mbele tu, na cha Chiriku si kibovu. Akasema ingelikuwapo njia hiyo, kina mama wangelijipanga mlangoni kwake siku zote.

Sasa sikiliza kinachonitisha kuliko hata kisu. Shemeji yako hakubali. Si kwamba ni mkaidi, na wewe unamjua si mkaidi, huyu ni mtu anayeomba radhi akikanyaga kivuli cha mtu. Ameamini kwamba flashi yake ndiyo iliyomuunguza mtoto jicho. Daktari alimweleza kwamba flashi haileti ugonjwa huu hata kidogo, flashi ni kama tochi iliyommulika mwizi ambaye ameshaingia ndani, si tochi iliyomleta. Yeye anaitikia kwa kichwa, lakini tukifika nje ananiambia daktari ana huruma, anamfariji tu. Mama mkwe naye hakusaidia, alisema tangu zamani alimwonya juu ya mataa yale. Tangu siku hiyo hali chakula. Amezishusha zile taa, amekunja miavuli, amefunga studio. Amechukua kile kitambaa cheusi akakipigilia misumari kwenye dirisha la chumba chetu. Anasema mwanga ndio uliounguza, basi giza ndilo litakaloponya, apewe mwezi mmoja tu. Daktari anasema mwezi mmoja ndicho kitu ambacho hatuna.

Leo saa kumi, wakati wa kutazama wagonjwa, anakuja kumchukua mtoto ampeleke kwenye hicho chumba cha giza. Nimeuliza, sahihi yangu peke yangu inatosha. Lakini baba akimbeba mtoto wake akatoka naye, mlinzi wa getini atasema nini? Sasa hivi ni saa tisa kasoro.

Dada, sasa nakuambia lile ambalo sijamwambia mtu.

Kuna kitu kinachoweza kumtua mume wangu ule mzigo, na mimi ninacho. Ninacho kwa miezi kumi. Tangu mtoto azaliwe, shemeji yako alikataa kumpiga kwa flashi, alisema macho ya kichanga ni laini, atampiga kwa mwanga wa mlangoni tu mpaka afikishe miaka miwili, na akalishika neno lake. Siku ya kutimiza miaka miwili ndipo alipomkalisha kwenye stuli akaziwasha taa na flashi kwa mara ya kwanza. Nilipoifungua picha ile kwenye kompyuta, jicho la kulia lilikuwa jekundu kama la watu wote. La kushoto lilikuwa na kitone cheupe ndani ya mboni, kidogo kama punje ya ufuta. Katika picha ya kwanza kabisa, dada. Flashi haiwezi kuunguza jicho na papo hapo ikapiga picha ya kidonda chake. Weupe ulikuwepo kabla.

Nikaufuta. Ile ya kwanza naapa nilidhani ni mwanga umecheza. Ya pili ilikuwa ya kadi ya matibabu, mwezi mmoja baadaye, na safari hii kile kifaa cha kuondoa wekundu kilikataa kushika, kwa sababu kile kitone hakikuwa chekundu. Nikaikuza picha mpaka jicho likajaa kioo kizima. Nikakiona. Hakikuwa mwanga, kilikuwa kitu, kina umbo lake. Nikaogopa mpaka nikainuka nikafunga mlango, kana kwamba kuna mtu anachungulia. Na badala ya kumwita baba yake, nikanakili jicho la kulia, nikaligeuza, nikalibandika kushoto. Kazi safi, hakuna ambaye angejua. Wiki iliyofuata ukaja wewe. Kwa hiyo siku ile ulipokuwa unaniambia jikoni, mimi nilikuwa najua, dada. Nilikutukana kwa sababu ulisema kweli, na nilichagua neno lile kwa sababu nilijua litakunyamazisha.

Ya tatu ni ile aliyopakatwa na bibi yake. Ya nne ni hiyo ya gauni la njano, na weupe ulikuwa umeshajaa mboni yote. Niliifanya kubwa, nikaitia kwenye kioo, watu wakasimama kuisifu, nami nikawa nazipokea sifa za jicho nililolibandika mwenyewe. Utaniuliza kwa nini. Nilizoea kwamba kila kibaya kinachofika mezani kwangu kinaondoka. Na kila mtu alikuwa ananiambia jinsi mtoto wangu alivyokamilika, na mimi nilitaka aendelee kuwa hivyo walivyosema. Daktari aliponiuliza tumeona dalili tangu lini, nilimwambia wiki tatu. Na mume wangu nimemwacha siku saba anajilaumu, ananyauka mbele ya macho yangu, kwa sababu akijitoa yeye nitabaki mimi.

Zile picha zenyewe, kabla sijazigusa, sikuwahi kuzitupa. Jana asubuhi nilimwachia Chiriku yule mama wa kitanda cha jirani, nikaenda studio, nikazichapa zote nne, na tarehe zake pembeni. Ziko kwenye bahasha, chini ya daftari hili. Asubuhi ya leo nilimpelekea daktari nakala na nikamweleza ukweli wote wa tarehe. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu kwamba zimemsaidia, na kwamba baba naye anastahili kuziona. Akifika hapa nitampa kabla hajamgusa mtoto. Sijui atanifanya nini. Sijawahi kumwogopa mume wangu siku moja, leo namwogopa, na si kipigo ninachokiogopa, ni vile atakavyonitazama.

Nimeanza kwako wewe kwa sababu wewe ndiye niliyekukosea kwanza. Siombi unisamehe kwa barua. Neno lile halifutiki, nimejaribu hata kulikumbuka kwa namna nyingine, haiwezekani. Wewe ulimwona mwanangu kuliko mimi niliyemzaa. Nakuomba jambo moja kwa ajili ya wengine, hao arobaini wako uwazibe macho, moja moja, kama ulivyofanya. Na yeyote ambaye mama yake atakutolea maneno kama yangu, usiondoke asubuhi. Baki, mpigie kelele mama huyo.

Nisalimie majirani zako wote, na yule mzee wa mlangoni anayenidai kicheko, mwambie nipo. Mtoto anakupa salamu, anasema ukija umletee chaki ya buluu na si nyeupe. Shemeji yako angekusalimu kama angekuwa na sauti. Mungu akulinde.

Ndimi mdogo wako,
Mama Chiriku


Saa kumi na moja na nusu

Dada, barua bado sijampa dereva, nimeifungua tena bahasha.

Amekuja. Nilimpa picha hapahapa kwenye benchi, nikamweleza tarehe, nikamweleza nilichofanya, ya kwanza mpaka ya nne. Alizipanga kwenye magoti yake. Ile ya kwanza aliiinua akaigeuzia dirisha, akaitazama kama anavyotazama kazi, kisha akainama na mabega yake yakaanza kutikisika. Sijawahi kumwona akilia. Alipomaliza, aliingia ndani akamkuta Chiriku anahesabu vitanda, akakaa naye. Halafu akaomba fomu, akatia sahihi chini ya yangu.

Hajanisemesha. Hata neno moja, mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Ni keshokutwa, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Muuguzi ametuambia mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kumbeba mtoto mpaka mlango wa chumba cha upasuaji na kukaa naye mpaka dawa ya usingizi imshike, akauliza aandike nani. Nikatazama chini, maana nilijua sina haki ya kutaja. Yeye ndiye aliyejibu, akiutazama ukuta. Alisema andika mama.

Naogopa, dada. Njoo.